Mpaka Uliokwenda Mkutanoni

Ukitaka kumjua Wenseslaus, anza na mkono wake. Uru nzima, huku mlimani juu ya mji wa Moshi, toka kule juu msituni mpaka unapoikaribia Rau, hakukuwa na mtu aliyejua kupogolea mikahawa kama yeye, na anayebisha alete shamba lake tulione. Alikuwa anauzunguka mkahawa mara moja, kimya, mkasi mkononi, halafu anaanza: tawi hili litoke, hili libaki, hili linamnyima mwenzake jua. Akimaliza, mti umebaki na matawi machache mpaka mwenye shamba anataka kulia, lakini msimu ukifika anakuja kumshukuru. Shida yake ilikuwa moja tu, na mkewe Lukresia aliigundua wiki ya kwanza ya ndoa: ukishampa Wenseslaus kitu cha kukata, hajui pa kuishia. Waliwahi kumtuma apunguze kidogo ua wa kanisa kabla ya Pasaka, na Pasaka ikawakuta waumini wanatazamana na barabara.

Basi bwana, likaingia soko huria. Kahawa ikashuka bei mpaka watu wakaona haya kuitaja mbele ya wageni. Wanunuzi wapya wakaja na mizani yao na maneno matamu, wakaondoka na vyote viwili. Wakulima wakaanza kuitazama mikahawa kwa jicho baya; wengine wakaing'oa wakapanda nyanya, wengine wakaiacha ikue inavyotaka. Nani atampa mtu kazi ya kupogolea kitu asichokitaka? Wenseslaus akawa anaamka asubuhi, ananoa mkasi wake, anaupaka mafuta, anautundika ukutani, kisha anashuka kilabuni kwa Dominika, mama muuza pombe, kulalamika. Na haki ya kulalamika alikuwa nayo, hilo nalisema wazi. Fundi kama yule kukaa bure ni dhuluma.

Hapo ndipo alipomsikia Radi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Eliezeri, mfanyabiashara wa mitumba mjini Moshi, na mwaka ule wa tisini na tano, uchaguzi wa vyama vingi, alijitokeza kugombea ubunge kwa chama ambacho hata bendera yake ilikuwa bado inanuka rangi. Alivaa suti na mabuti ya mvua, kiangazi na masika, akidai anajiandaa kuingia kwenye matope ya rushwa. Alipanda juu ya pikapu akaahidi kwamba bei ya kahawa itapanda ndani ya wiki moja, lami itafika mlangoni kwa kila mtu, na wezi wote watatajwa kwa majina. Majina hakuyataja, ila kidole alikinyoosha pande zote. Kisha akauliza rushwa ifanyweje, watu wakajibu ing'olewe. Akauliza ing'olewe vipi, wakajibu kwa sauti moja, na mizizi. Wenseslaus alirudi nyumbani siku ile macho yanawaka. Miaka yote alikuwa anakata tu. Kumbe kulikuwa na darasa la juu zaidi.

Haukupita mwezi, kijiji kikagawanyika. Kwa Dominika, ambako tangu zamani mbege ilikaa kwenye chungu kimoja na kata ikazunguka mdomo kwa mdomo, sasa vilisimama vyungu viwili. Cha mlangoni ni cha watu wa Radi, cha ndani ni cha chama tawala. Pombe ni ileile, kapika mama yuleyule kwa ndizi zilezile, lakini ole wako ukosee kuchota. Walikuwepo walioapa kwamba mbege ya upande wa pili inaumiza tumbo. Kwenye jumuiya ya kanisa mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kule waligombana kwa njia ya sala. Huyu anasimama kumwomba Mungu awafumbue macho ndugu waliopotea. Yule anasimama kumwomba Mungu awasamehe ndugu wanaodhani wao peke yao ndio wana macho. Sala ya nusu saa ikawa inakwenda mpaka ugali wa watu unapoa majumbani.

Na upande wa pili alikuwepo kaka yake Wenseslaus, toka nitoke, tumbo moja. Primus alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama tawala kwa miaka ishirini na mmoja, na muhuri wake ulikaa kwenye mfuko wa koti, umefungwa kitambaani, hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Mtu wa maneno machache. Ukimwuliza habari za asubuhi, anafikiri kwanza. Mkewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kila asubuhi alishuka kunywa chai jikoni kwa shemeji yake Lukresia, kwenye kikombe chake cha bati cha bluu ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Wenseslaus alimwamkia shikamoo, Primus akafikiri, akajibu marahaba, wakanywa. Hata Radi alipoingia, chai iliendelea. Walichofanya ni kuacha kuzungumza habari za dunia wakabaki na habari za ng'ombe.

Kihamba chao, yaani shamba la ukoo, baba alikigawa mwenyewe kabla hajafa. Primus akapata upande wa juu, Wenseslaus upande wa chini, na katikati mzee akapanda mstari wa masale, shina moja baada ya jingine, wanawe wakimshikia. Isale kwa macho ni mmea wa kawaida tu, majani marefu ya kijani, hauliwi wala hauuzwi. Lakini huku mlimani ndio unaosema hapa ni kwako na hapa ni kwangu. Tena ukimkosea mtu, hata kosa liwe kubwa namna gani, ukamwendea na isale mkononi, hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Kesi ngapi zimeishia hapo bila hakimu wala karani.

Sasa mmea wa namna hiyo ukapewa kazi ya kampeni. Gari la matangazo lilipita na spika juu, likisema Radi atafanya mkutano mkubwa mjini Jumamosi, anataka kupokewa kama walivyopokewa wamangi, wale machifu wa zamani, kila mpenda haki aje na isale. Likaongeza kwamba masale yaje na mizizi yake, ili wezi waone kwa macho watakachofanyiwa. Wenseslaus akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya masale ya tawi. Cheo chake cha kwanza tangu azaliwe. Alitembea na cheo kile siku nne, ukimwita jina anachelewa kuitika.

Jumamosi asubuhi lori likaja na watu arobaini, wanaimba. Mwenyekiti akaangalia masale ya uani kwake, hakuna. Yaliishia kwenye mikutano miwili midogo ya tawi, ya kujizoeza. Kwa majirani, hakuna. Watu wakaanza kumtazama kwa ile namna ya kumtazama mtu ambaye cheo kimemzidi. Ndipo macho yake yakatua kwenye mstari wa baba, masale yaliyonyooka, marefu, yenye afya. Lukresia alimwona anavyotazama. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia mumewe, Baba Viki, ule ni mpaka. Wenseslaus akamjibu kwamba Radi akishinda hakutakuwa na mipaka kati ya watu. Lukresia akamwambia basi aanze na wa chumbani, akalale kwa Radi. Arobaini wale wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu, kwa sababu mwanamume akichekwa mbele ya kamati yake lazima afanye jambo.

Walifanya kazi ile kwa robo saa. Mkasi haukuhitajika, walikuja na sururu. Wenseslaus mwenyewe alisimamia, na kwa kuwa alikuwa fundi, alihakikisha hakuna mzizi uliobaki. Halafu wakavuna mpaka vile vichipukizi vidogo, wakapanda lori wakashuka Rau wakiimba, udongo wa kihamba ukidondoka barabarani njia nzima.

Mkutano ulifana, siwezi kusema uongo. Masale yalikuwa mengi mpaka uwanja ukaonekana umeota. Kila Radi alipouliza rushwa ing'olewe vipi, watu waliyarusha juu na mizizi yake, na udongo ukawaangukia waliosimama nyuma. Mama mmoja wa Mabogini alirudi kwake na udongo wa Uru wa kutosha kupanda mchicha. Mwishoni Radi alishusha sauti. Akasema adui hayuko Dar es Salaam, adui yuko nyumba ya pili. Usile naye, usinywe naye, usimpe hata kaa la moto. Watu wazima, wazazi wa watu, walipiga makofi. Wenseslaus alipiga mpaka viganja vikauma. Kisha Radi akaingia kwenye pikapu akaondoka, na masale yakaachwa pale uwanjani yanakanyagwa, kwa sababu nani atapanda tena lori na mzigo wa majani?

Jioni walipomshusha Wenseslaus barabarani, walimkuta Primus amesimama pale mpaka ulipokuwa. Amevaa koti lake. Inaonekana alikuwa amesimama muda mrefu, maana kuku walishamzoea.

"Wense," akasema, "mpaka uko wapi?"

"Umekwenda mkutanoni," Wenseslaus akajibu, na lori zima likaangua kicheko.

Primus akafikiri. Akauliza tena, polepole, mpaka wa baba uko wapi. Angenyamaza pale Wenseslaus, yangeishia pale. Lakini alikuwa bado na makofi ya uwanjani masikioni, na watu arobaini nyuma yake wanasubiri.

"Baba angejua utakuja kuwa mtumwa wa wezi," akasema, "asingekugawia hata mgomba mmoja."

Mmoja kwenye lori akaanza kupiga makofi, akaacha njiani. Primus alimtazama mdogo wake, akagusa mfuko wa koti kama anahakikisha muhuri upo, akageuka akapanda kwake. Asubuhi hakuja kunywa chai. Lukresia alikiosha kikombe cha bluu, akakitundika kwenye msumari, akamwambia mumewe kwamba kitakaa pale, na yeye atakuwa anakiona kila anapokula.

Ikafuata miezi mitatu ya ajabu. Ndugu wawili wanapishana njiani, shikamoo hakuna. Kihamba nacho kikawa kichekesho. Mgomba mmoja ulikuwa umesimama karibu na mstari, na sasa hakuna aliyejua ni wa nani. Mkungu wake ukakomaa, ukaiva, ukaozea palepale mtini. Hakuna aliyethubutu kuukata na hakuna aliyekubali kuuacha, kila mmoja anauchungulia kwa upande wake. Waliofaidi ni ndege.

Uchaguzi ukapita, Radi akashindwa. Akasema ameibiwa, atakwenda mahakamani, atakwenda mpaka mbinguni. Watu wa chungu cha mlangoni wakakaa tayari kwa lolote. Baadhi yao waliapa kutonyoa ndevu mpaka haki ipatikane. Mwanzoni mwa Desemba, mabango yake hayajapauka bado, redio ikatangaza kwamba Bwana Eliezeri amerudi chama tawala. Hakwenda mikono mitupu. Alikwenda ofisini kwao mchana kweupe, na suti yake na mabuti yake, ameshika isale, akawaomba wazee msamaha. Wakampokea, wakachoma nyama, wakala. Waliokuwepo wanasema isale lile lilikuwa refu, lenye afya, na lilikuwa na mizizi. Wenseslaus hadi leo anaapa kwamba lilikuwa la kwake.

Siku ile kilabuni watu walikaa kama wako matangani. Wa chungu cha mlangoni walitazama ndani, wa ndani walitazama mlangoni, na hakuna aliyejua sasa nani ni nani. Dominika akanyanyuka. Alibeba chungu kimoja akakimimina chote ndani ya kingine, akarusha kata juu yake, akaenda kukaa.

Kwa hiyo Radi alimaliza ugomvi wake kwa saa mbili na sahani ya nyama. Wa Wenseslaus ulikuwa palepale, kwenye msumari.

Na Krismasi ilipofika akaja Victoria. Huyu ndiye binti yao, muuguzi, amechumbiwa na kijana wa Machame aitwaye Jesse, na harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwaka. Jesse ni Mlutheri, wao Wakatoliki, na wakati mwingine lingekuwa jambo la kujadiliwa mwaka mzima, lakini mwaka ule ukoo ulishughulika kuuliza yuko chama gani mpaka ukasahau kuuliza yuko dhehebu gani. Tatizo lilikuwa jingine. Kwenye ukoo wao binti hatoki mlangoni kwenda kanisani mpaka mkubwa wa nyumba amnyweshe mbege kidogo kwenye kata na kumbariki. Mkubwa wa nyumba ni Primus. Victoria alikiona kikombe cha bluu kwenye msumari, akaelezwa yote na mama yake, akamwendea baba yake aliyekuwa ananoa mkasi.

"Baba, baba mkubwa asiponitoa mlangoni, mimi siolewi," akasema. "Jesse atanisubiri. Wewe ndiye sijui utasubiriwa na nani."

Wenseslaus hakulala vizuri. Hasira zilikuwa zimeshamtoka siku nyingi, kilichobaki ni aibu, na aibu ilimwambia asubuhi aende kwa kaka. Lakini kwenda na nini? Kwa neno kama lile, juu ya baba yao, huwezi kwenda na mdomo mtupu. Akatoka kutafuta isale. Akazunguka Uru, uani kwa huyu, uani kwa yule, anakuta mashimo. Kamati yake ilikuwa imefanya kazi nzuri sana. Akashuka Rau, akakuta kamati ya Rau nayo ilikuwa na mwenyekiti hodari. Akaenda mjini, akalipekua lile pori la kando ya uwanja wa mkutano, akaokota majani makavu matatu yenye alama za matairi. Mabogini wakamwambia wao wanalima mpunga, masale ya nini. Akapanda mpaka Machame kwa wakwe watarajiwa, akijifanya amekuja kuwasalimia. Akanywa chai, akaomba kuona shamba, akaona mashimo. Baba yake Jesse akamwonyesha kwa fahari mahali Radi aliposimama. Tena wakwe wakamshangaa mgeni anayechungulia nyuma ya choo.

Alirudi jioni miguu imevimba. Alfajiri ya pili, siku tatu kabla ya harusi, akapanda kwa kaka yake mikono mitupu. Walimwona watu, maana kule alfajiri kila mtu yuko nje na ng'ombe wake. Primus alikuwa anakamua. Wenseslaus akasimama mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, kaka."

Maziwa yaliendelea kulia ndooni.

"Nimekuja kukuomba msamaha, ila sina isale," Wenseslaus akasema. "Nimetafuta mpaka Machame. Tuliyang'oa yote."

Primus alimaliza kukamua. Hakuharakisha. Akaitundika ndoo, akachukua panga, akazunguka nyuma ya nyumba, na Wenseslaus akabaki pale, hajui panga lile limekwenda kufanya nini. Nyuma ya nyumba ndipo baba yao alipozikwa, na pembeni ya kaburi kulikuwa na masale ambayo kamati haikuyafikia kwa sababu hakuna mtu wa Radi aliyethubutu kukanyaga kwa balozi. Primus akarudi na moja, refu, lina umande. Akamkabidhi mdogo wake.

"Toka nje," akasema. "Uingie upya."

Wenseslaus akatoka. Alikwenda mpaka barabarani, akapishana na Dominika aliyebeba ndizi kichwani, Dominika akaona isale, akajifanya hakuona. Akageuka, akaingia tena kwa mlango wa ua kama mtu anayefika kwa mara ya kwanza, isale mbele yake kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njia nzima toka Machame. Yalitoka mawili matatu tu, kwamba lile neno juu ya baba, kaka, lile neno, na baada ya hapo akawa analia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Primus akalipokea isale. Akafikiri.

"Marahaba," akasema.

Walikaa kwenye magogo. Primus akasema kwamba siku ile hakuulizia ardhi. Ardhi angeweza kupima na kamba. Alikuwa anauliza baba alipanda wapi, kwa sababu shina la kwanza alilishika yeye, na hana pengine pa kuikumbukia mikono ya mzee. Wakanyanyuka, wakachukua isale lile na jembe, wakashuka kuupanda upya mpaka.

Muda si mrefu Lukresia akiwa jikoni akasikia sauti za wanaume zinapanda kule mgombani. Akatupa mwiko, akakimbia na Victoria nyuma yake, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, akijua harusi imekufa. Wakawakuta wazee wawili wameshikilia shina moja la isale, mmoja anavuta huku, mmoja anavuta kule, udongo mpaka kwenye ndevu. Wenseslaus anasema baba alipanda hapa chini kabisa, huo mgomba ni wako kaka. Primus anasema usinifanye mjinga, alipanda kule juu, chukua mgomba wako. Wamelichomeka na kuling'oa mara nne, na shimo la tano linachimbwa.

Lukresia alisimama akawatazama mpaka pumzi zikamrudi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Rudi uchemshe chai," akamwambia, "na kile kikombe cha bluu kioshe vizuri, kina vumbi."